Fundi wa Isihaka

Ijumaa ile, kama Ijumaa zote tangu mumewe alipoanguka, Kuruthumu alivaa suruali ya Isihaka chini ya dera, akajifunga kanga kiunoni, akaisukuma pikipiki kutoka sebuleni hadi uani. Kiti chake kilimfika mbavuni. Aliisimamisha chini ya dirisha la chumba chao, mahali ambapo Isihaka, akiinuliwa kwa mito, angeweza kuiona yote, tairi hadi tairi.

"Fungua mafuta," Isihaka akasema kutoka ndani.

"Nimeshafungua."

"Haya. Sukuma kiki taratibu mpaka uisikie imekuwa nzito. Hapohapo. Irudishe juu, sasa shuka nayo yote kwa mara moja. Ukisitasita itakurudisha."

Kuruthumu alipanda juu ya kreti tupu la soda, akakamata usukani, akashuka na kiki kwa uzito wake wote. Kimya. Akapiga tena. Injini ikapasuka kwa sauti iliyojaa mtaa mzima wa Murubona. Kuku walikimbilia chini ya banda, na vijana wa kijiwe cha bodaboda, ng'ambo ya barabara, wakaanza kupiga miluzi.

"Shangazi! Lini unatupeleka Munanila?"

"Anashindania kombe la majiko huyo!"

Kuruthumu alimtazama mumewe dirishani. Isihaka alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa, anasikiliza. Uso uliokuwa wa kijivu tangu alfajiri ulikuwa umepata rangi.

"Unasikia kule chini kama mtu anagonga kijiko kwenye sahani?" akauliza.

"Sisikii."

"Hata mimi. Basi ni nzima. Ipe moto kidogo, halafu zima, tusafishe sponji."

Haikuwa pikipiki ya kazi. Haikuwa na taa wala kiti cha abiria, na namba ya usajili haikuwahi kuwa nayo. Ilitengenezwa kwa ajili ya kuruka matuta na kupanda milima, basi. Isihaka aliinunua kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa anaondoka barabara ya lami ilipokamilika, na ili kuinunua aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake. Kaka yake Khatibu hakumsamehe. Alisema kiwanja kinazaa nyumba, pikipiki inazaa vidonda. Siku ya mashindano ya Idi, kwenye mteremko wa Munanila, Isihaka aliruka tuta akashuka vibaya, na tangu hapo hakusikia tena kitu chochote kuanzia kitovuni kwenda chini. Pikipiki ilipinda usukani tu.

Yeye hakuilaumu hata siku moja. Alichosema, mara tu aliporudishwa nyumbani, ni kwamba injini ya mashindano haiachwi ikae. Mafuta yanaganda kwenye kabureta, vyuma vinashika kutu kwa ndani, na siku ukiitaka haikujui. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa mizima lakini haifiki uani, alianza kutumia ya mkewe. Alimfundisha kutoka kitandani, kwa maneno matupu. Sponji ya hewa inafuliwa kwenye beseni kwa sabuni ya vyombo. Inaminywa, haisokotwi, maana ikisokotwa inachanika na vumbi jekundu la Kasulu linaingia hadi kwenye pistoni. Inaanikwa kivulini, halafu inapakwa oili yake inayonata. Oili ya injini haingojewi iwe nyeusi kama ya bodaboda. Cheni inapimwa kwa vidole vitatu.

Mwanzoni Kuruthumu alifanya huku analia kwa hasira. Baadaye hasira iliisha, na kitu kingine kikaja mahali pake ambacho hakumwambia mtu. Siku sita za wiki alikuwa anaishi na mgonjwa aliyegeukia ukuta, aliyeona aibu kubadilishwa nguo na mkewe, asiyetaka hata binti yao Zuhra amsomee madaftari yake ya shule. Ijumaa alikuwa na mume.

Jirani yao Epifania, Muha wa Titye aliyekuwa anauza mawese, alichungulia juu ya ua wa matete, akamsalimia kwa Kiha.

"Mwidiwe, mama Zuhra. Umeungua mkono tena?"

"Ni bomba la moshi tu, dada."

"Yoo! Mume hawezi kukupiga, umetafuta chuma kikupige." Alicheka, kisha alipoona Kuruthumu hacheki, akamrushia jani la mshubiri juu ya ua.

*

Harufu ndiyo iliyomwambia. Jioni hiyohiyo alipomgeuza mumewe ili ampake mafuta mgongoni, alikuta kile kidonda kilichokuwa kama sarafu juu ya makalio kimefunguka. Kilikuwa na kina. Alikisafisha kwa maji ya chumvi, akitazama pembeni kila alipozamisha pamba.

"Mbona umenyamaza?" Isihaka akauliza. Alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye mto. Hakuwa anahisi chochote. Mtu aliyeweza kusikia nati moja iliyolegea kwenye injini inayonguruma alikuwa hajui kwamba mwili wake mwenyewe umetoboka.

"Kidonda kimekua, baba Zuhra."

"Kipake ile dawa ya unga."

"Hiki si cha unga tena."

Kwenye hospitali ya mjini, daktari kijana alikifunua, akakifunika haraka, akamwita Kuruthumu pembeni. Alisema nyama iliyooza inatakiwa kukatwa, na pengine mfupa umeshaguswa. Aende rufaa Mwanza. Asingoje.

"Amekaa nacho muda gani?" daktari aliuliza.

"Kilikuwa kidogo."

"Mama, vidonda hivi huwa vidogo kwa nje tu. Hamkuwa mnamgeuza?"

Kuruthumu alitaka kumwambia kwamba anamgeuza mchana na usiku, kwamba mgongo wake yeye mwenyewe umekufa kwa kumgeuza, lakini palikuwa na watu kwenye benchi wanasikiliza. Akasema, "Tutaenda, daktari."

Khatibu alikuja siku ya pili na mama yao, Bi Swaumu. Khatibu alikuwa na duka la mabati sokoni, mtu wa maneno machache na kikokotoo mfukoni. Hakukaa. Alisimama sebuleni, akaiangalia pikipiki iliyokuwa imeegeshwa kati ya kabati la vyombo na mkeka wa kuswalia.

"Hii inangoja nini hapa?"

Kutoka chumbani Isihaka akasema, "Inakungojea wewe uondoke."

"Isihaka, mwanangu," Bi Swaumu akasema, "kaka yako hajaja kwa ubaya."

"Najua alichojia. Haiuzwi."

"Nani kakuuliza?" Khatibu alisema, akimgeukia Kuruthumu. "Shemeji, nauli ya watu wawili mpaka Mwanza, gari la kumlaza, matibabu, na kula kwako huko. Mimi nitatoa ninachoweza, na wewe unajua duka lilivyo msimu huu. Kuna mtu Kibondo, anaitwa Twalibu, ana maduka mawili ya nguo. Aliiona ile siku ya Idi. Ananipigia kila mara kuiulizia."

"Haiuzwi!" Isihaka akapaza sauti, ikakatika katikati kwa kukohoa.

Kuruthumu aliingia chumbani, akafunga mlango. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Isihaka alikuwa anatazama dari.

"Ukiiuza, Ijumaa nitafanya nini?" akasema polepole.

Hapo ndipo ilipompasa Kuruthumu kusimama imara, na hakusimama. Alimwambia Khatibu wangoje kidogo. Alijiambia anampa mumewe nafasi ya kukubali, lakini moyoni alijua kwamba naye alikuwa anaiogopa Ijumaa isiyo na pikipiki. Wakangoja. Ijumaa mbili zilipita, injini ikawaka, vijana wakapiga miluzi, uso wa Isihaka ukapata rangi. Baada ya Ijumaa ya pili homa ikampanda, akaanza kumwita Zuhra kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki utotoni. Asubuhi homa iliposhuka, Kuruthumu alichukua simu akampigia Khatibu.

"Mwite huyo mtu wa Kibondo."

Kisha akamwambia mumewe. Isihaka hakubisha. Akasema kwa sauti ya mtu anayeongea habari za hali ya hewa:

"Basi iandae vizuri. Mteja asikute aibu. Badilisha plagi."

"Ile iliyomo bado ni nzima."

"Weka nyingine. Iko kwenye kopo la maziwa, pamoja na nati za zamani."

Kuruthumu alisimama pale mlangoni na spana mkononi. Ile plagi ya kwenye kopo aliifahamu. Aliitoa mwenyewe, baada ya kupiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, na Isihaka mwenyewe, akiigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, alisema hii imekufa, itunze tu kwa ajili ya kumfundishia Zuhra akikua. Haikuwa inatoa cheche kabisa.

Alimtazama mumewe. Isihaka alikuwa anatazama ukuta.

"Ya kwenye kopo la maziwa?" akauliza, ili ampe nafasi.

"Hiyohiyo."

"Haya."

Alitoka uani, akafungua plagi iliyokuwamo, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha ileile. Alipokuwa anaikaza machozi yalimdondokea juu ya tangi, akayafuta kwa kitambaa kilekile chenye oili, mpaka pakang'aa.

*

Twalibu alifika saa za mchana kwa gari dogo jeupe, pamoja na mpanda pikipiki wake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kutariziwa, na hakuwa na ubaya wowote. Alimsalimia Bi Swaumu kwa shikamoo ndefu, akamshika Khatibu mkono, akaizunguka pikipiki akiguna kwa furaha. Kuruthumu alisimama kando, mikono nyuma, kucha zimejaa uchafu mweusi.

"Mashaallah. Kwa miaka hii na vumbi hili!" Twalibu alisema. "Nani anaitunza?"

"Kuna fundi," Khatibu akajibu. "Fundi wa mjini hapa."

"Mshikilieni huyo fundi."

Kuruthumu alitazama chini. Alitazama dirishani pia, mara moja, kwa haraka. Pazia lilikuwa limefungwa. Nyuma yake palikuwa na mtu aliyejua nani fundi, na mtu huyo hakusema kitu.

"Na mgonjwa yuko wapi?" Twalibu akauliza, sauti imeshuka.

"Amelala," Khatibu akasema.

Mpanda pikipiki akapiga kiki ya kwanza. Kimya. Nyuma ya pazia kitanda kikalia kidogo. Akapiga ya pili, na injini ikawaka safi, bila kukohoa, bila moshi. Kijana akarukia juu yake, akatoka nayo getini, akapanda barabara ya vumbi, na mngurumo ukaenda ukapungua kuelekea mlimani, ukarudi, ukakua. Vijana wa kijiwe, safari hii, hawakupiga miluzi. Walisimama wakitazama kwa heshima.

Biashara ilimalizika upesi. Pikipiki ilipandishwa juu ya gari la mizigo lililokuwa linaelekea Kibondo, ikafungwa kwa kamba za katani. Kuruthumu alimwonyesha kijana yule mahali pa kupitisha kamba isikwaruze bomba, na kijana akashangaa, akafuata.

Alipoingia chumbani alimkuta Isihaka macho wazi.

"Hukuibadilisha," akasema.

"Sikuibadilisha."

"Nilikwambia kopo la maziwa."

"Ulinidanganya, Isihaka." Hakumwita baba Zuhra. "Siku zote nimefuata mdomo wako kama kipofu. Umeniambia gusa moto, nimegusa. Hujawahi kunidanganya. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Isihaka aligeuza uso wake ukutani. Mwili haukuweza kuufuata.

*

Njia nzima ya Mwanza Isihaka hakusema na mkewe. Alimjibu dereva, alimjibu askari wa kizuizi cha barabarani aliyetaka kujua wanakwenda wapi, lakini mkewe alipomletea maji mdomoni alikunywa akafunga midomo. Wodini walimweka kati ya mzee mvuvi wa Ukerewe aliyekatwa mguu na mvulana aliyeanguka mwembeni. Walimpasua. Daktari bingwa, mwanamke mwenye macho yaliyochoka, alimwambia Kuruthumu ukweli kwenye korido: uchafu umeshaingia kwenye damu. Wanampa dawa kali. Wangefika mapema kidogo ingekuwa maneno mengine.

"Mapema kiasi gani?" Kuruthumu akauliza.

Daktari alimwekea mkono begani. "Usijiulize hivyo, mama."

Lakini alijiuliza. Alijiuliza akifua mashuka ya mumewe kwenye karo la wagonjwa, akijiuliza kwa majina: Ijumaa ya kwanza, Ijumaa ya pili.

Mchana mmoja alikuwa anarudi na uji kutoka nje akasikia sauti ya Isihaka kabla hajafika kitandani. Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa inaongea. Kuruthumu akasimama nyuma ya pazia la kijani.

"Pikipiki ya namna hiyo," alikuwa anamwambia mvuvi, "huwezi kumpa mtu yeyote. Kuna mafundi Kasulu wanajiita mafundi, wangeiua kwa wiki moja. Mimi nilikuwa na fundi wangu."

"Mwanaume wa wapi?" mvuvi akauliza.

"Si mwanaume. Ni mke wangu. Huyu anayenisafisha hapa." Akapumzika, pumzi ilikuwa inamsumbua. "Nilimwambia aiharibu. Nilimwambia kwa mdomo wangu. Akakataa. Angenisikiliza, sasa hivi ningekuwa nimekufa nyumbani na pikipiki imekufa pia."

"Basi mwambie ahsante, bwana."

"Nitamwambia. Nimeona haya tu. Kuna mteja alikuja akauliza nani fundi, nikanyamaza."

Kuruthumu alingoja mpaka macho yakauke, kisha akafungua pazia. Isihaka alimtazama, na mvuvi akajigeuza kwa heshima, akajifanya amelala.

"Uji una moto?" Isihaka akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Kasulu.

"Wa kiasi."

Alimnywesha. Alipomaliza, Isihaka aliuchukua mkono wake, akaangalia zile kucha ambazo sabuni ya hospitali haikuweza kuzisafisha mpaka mwisho. Alizipitishia kidole moja moja. Alifungua mdomo, na hapo muuguzi akaja na sindano, akasema tupishe mama, na saa ya kuwaona wagonjwa ikaisha.

Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa. Mvuvi ndiye aliyemwambia, kwa sababu muuguzi wa zamu alikuwa anamtafuta kule nje na wakapishana.

Fedha iliyobaki ya pikipiki ilitosha gari la kumrudisha. Kuruthumu alikaa mbele na dereva, jeneza nyuma, na waliposhuka kwenye bonde la Malagarasi dereva akauliza kama marehemu alikuwa mtu wa kazi gani. Kuruthumu akasema, "Alikuwa anafundisha."

*

Alikuwa kwenye eda, amekaa juu ya mkeka katika sebule ambayo sasa ilionekana kubwa mno, Zuhra amelala pajani kwake, wakati simu ya Isihaka ilipolia. Walikuwa hawajaizima. Bi Swaumu aliichukua, akasikiliza, akaiweka mbali na sikio.

"Mtu wa Kibondo. Anamtaka Isihaka. Nitamwambia apige kwa Khatibu, wewe huongei na wanaume."

"Anataka nini, mama?"

"Mambo ya pikipiki. Anasema imekataa."

Kuruthumu alinyoosha mkono. Bi Swaumu alisita, akatazama mlango kana kwamba mtaa mzima unachungulia, kisha akampa.

"Assalaam alaykum, shemeji," ilikuwa sauti ya Twalibu, imejaa upepo. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga kelele. "Samahani sana kuwasumbua. Tuko huku Kitahana, mlimani, watu wamejaa, na hii kitu imezima. Imepata moto, imezima, haiwaki tena. Kijana wangu amepiga kiki mpaka amekaa chini. Mpe mwenyewe simu, dakika moja tu."

"Niambie mimi."

"Ni mambo ya ufundi, shemeji."

"Najua ni ya ufundi," Kuruthumu alisema. "Mwambie kijana aangalie mkono wa kushoto wa usukani, karibu na klachi. Kuna kikono kidogo chekundu. Anakiona?"

Upepo. Kisha: "Anakiona. Anasema alidhani ni pambo."

"Injini ikiwa na moto inalewa mafuta. Kikono hicho kinaiongezea hewa. Akivute akishikilie, asizungushe mafuta hata kidogo, apige kiki moja ya nguvu mpaka chini. Ikiwaka ndiyo akiachie."

Alimsikia Twalibu anayarudia maneno yake, neno kwa neno, kwa mtu mwingine. Bi Swaumu alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkono mdomoni. Zuhra alifungua macho. Halafu kwenye simu, mbali kabisa huko milima ya Kitahana, injini ikanguruma, na watu wakashangilia.

"Imewaka!" Twalibu alikuwa anapiga kelele. "Allahu akbar, imewaka! Shemeji, Mungu akubariki. Mwambie Isihaka wiki ijayo nakuja Kasulu, nitapita nimsalimie. Anaendeleaje lakini?"

Kuruthumu alitazama dirisha la uani.

"Amepumzika," akasema.

"Basi usimwamshe," Twalibu akasema kwa upole. "Mwache alale. Utamwambia akiamka."

Simu ikakatika. Kuruthumu aliendelea kuishikilia sikioni, na Bi Swaumu, ambaye alikuwa amekusudia kumkaripia, akaja akaketi karibu naye mkekani, akamvuta kichwa kifuani.